Fumbo na Jiwe la Gizani

Katika lugha yetu kitenzi fumba hakitembei peke yake. Kina mwenzake, fumbua, kama vile funga ilivyo na fungua, na ziba ilivyo na zibua. Mtu hufumba macho akijua kwamba atayafumbua. Mama hufumba mkono penye sarafu, na mtoto hucheka huku akihangaika na vidole vya mamaye, kwa kuwa ana hakika kwamba mkono ule, mwisho wa mchezo, utafumbuliwa. Wahenga waliolitoa neno fumbo katika kitenzi hicho walijua walitendalo. Fumbo ni usemi uliofungwa kwa namna ambayo mtu mwingine, kwa akili yake au kwa kuielewa hali, aweza kuufungua. Usemi uliofungwa ambao hakuna aliyekusudiwa kuufungua, je, nao ni fumbo? Hilo ndilo swali la makala haya, na si swali la watu wa kamusi peke yao.

Limezushwa na desturi ambayo sasa imeenea mijini na vijijini. Facebook, iliyoanza mwaka 2004, iliwazoesha watu wengi duniani kuandika yaliyo moyoni mbele ya kadamnasi. Mwaka 2017 WhatsApp nayo ikaongeza mahali ambapo mwenye simu huweka picha au maneno, yakaonekana kwa saa 24 kisha yakatoweka. Watu wetu hupaita stetasi. Humo huwekwa picha za harusi, matangazo ya vitambaa na ya samaki, salamu za Idi na za Krismasi, na katika hayo sina neno. Ninayokusudia kuyahakiki ni maneno ya aina nyingine. "Leo nimemjua vizuri." "Kumbe ndivyo mlivyo!" "Ipo siku." "Wanaojijua wanajijua." Hapana jina, hapana tukio, hapana mahali. Haupiti muda maswali huanza kumiminika: "Kulikoni tena?" "Nani huyo?" "Pole, ndugu yangu, yana mwisho." Na mwandishi, akisha kuwaacha wangoje kidogo, hujibu: "We acha tu."

Namwomba msomaji ayaangalie kwa makini maneno hayo matatu. Mtu ametega, watu wameuliza, naye anawaambia waache. Alitega ili wauulize moyo wake una nini. Walipouliza, alikwisha kupata alichokitaka. Jawabu halikuwamo katika hesabu zake tangu mwanzo.

Wapo watu wenye elimu zao wanaosema kwamba jambo hili si geni, bali ni mila yetu iliyobadili vazi: kanga imehamia simuni, na mipasho imepata jukwaa jipya. Hoja hii ina mvuto, hasa kwetu sisi tunaofurahi kuona mila zetu zikiendelea kuishi. Lakini hoja yenye mvuto haina budi kupimwa kama nyingine. Na ipimwe kwanza kwa kanga yenyewe.

Kanga, au leso kama waiitavyo watu wa Mombasa, ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani yale maandishi yaliyopigwa chapa upande wa chini wa mji. Husimuliwa kwamba aliyeanza kutia maandishi hayo ni mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye kanga zake zilijulikana pwani nzima kwa alama ya "Mali ya Abdulla". Hapo kwanza yaliandikwa kwa hati za Kiarabu, baadaye kwa hati za Kirumi. Maneno ya kanga ni ya nani basi? Ni ya kiwanda, ni ya muuzaji, ni ya methali ambayo hakuna amjuaye mtungaji wake. "Hasidi hana sababu" huchapwa katika maelfu ya vitambaa, na maelfu ya wanawake huyavaa wakienda sokoni wasiwe na ugomvi na mtu. Kanga ikiwa bado dukani haijamsema yeyote.

Husema inapovaliwa. Mwanamke amechagua jina lile na si jingine. Amelivaa siku ya arusi ya shemeji yake na si siku ya kuchota maji. Amepita ukumbini akasimama mahali ambapo mtu fulani hana njia ila ayasome. Aliyekusudiwa anajua, na mashoga wawili watatu wanajua. Wengine waliobaki wanaona kitambaa kizuri. Mvaaji akiulizwa aweza kusema, "Mimi nimeipenda rangi," na hapana wa kumshika. Kesho yake mwenziwe naye atafungua sanduku lake na kutoa jina la kujibu. Kanga, kwa hiyo, huchukua neno la watu wote na kulielekeza kwa mtu mmoja.

Sasa tuitazame stetasi ya kufumba. Neno lake si la wote. Limetoka katika jambo lililotokea jana baina ya watu wawili, pengine deni, pengine posa iliyovunjika. Mwandishi hulichukua neno hilo la watu wawili, akalivua jina na mahali na sababu, kisha akalitawanya kwa watu mia tatu waliomo katika simu yake: mjomba, fundi wa baiskeli, mwalimu wa zamani, na mama aliyemwuzia kuku mara moja tu miaka mitatu iliyopita. Njia za vitu hivi viwili zinakwenda kinyume. Na lisisemwe kwamba chombo ndicho chenye kosa, maana simu ileile humruhusu mwenyewe kuchagua ni nani waone na ni nani wasione. Akitaka, huwaachia wawili tu. Tena kwa kawaida humwonyesha orodha ya waliokwisha kutazama. Anayetaka kumfikishia mtu kijembe amepewa uwezo ambao mvaa kanga hakuupata kamwe. Hautumii. Hufungulia wote, kisha hukaa akihesabu majina ya waliotazama.

Kitendawili nacho kina sheria ambazo kila mtoto anazijua kabla hajajua kusoma. Mtegaji husema "Kitendawili!" na wenziwe huitika "Tega!" Bila kuitikiwa hana ruhusa ya kuendelea. Wakishindwa, huwaambia wampe mji. Nao humpa mji, naye huutembelea kwa maneno, akala akanywa humo, kisha hana hiari tena: lazima atoe jibu, na jibu hilo likubaliwe na wote kuwa limeafiki. Mtoto anayetega halafu akakataa kutoa jibu baada ya kupewa mji hatapewa zamu nyingine jioni ile. Wenzake watamwambia kwamba hata yeye mwenyewe hajui. Sidhani kama pamekuwapo uhakiki mkali zaidi ya huo wa watoto mkekani. Stetasi imeondoa "Tega!", kwa kuwa hutegewa hata asiyeitika, imeondoa jibu, imebakiza kupewa mji tu. Kila "pole" na kila "kulikoni" ni mji, na mtegaji anatembea nchi nzima bila kurudi.

Wapenzi wa ushairi watanikumbusha kwamba malenga wetu nao walifumba, tena wengine wakafumba sana. Ni kweli. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, ana tungo ambazo leo hazieleweki pasipo maelezo. Lakini ugumu huo ni wetu sisi tuliochelewa kuzaliwa. Wakati wa uhasama wa Mombasa na Lamu, mwanzoni mwa karne ya 19, watu waliotungiwa walizielewa mara moja, kwa maana walijibu. Na miongoni mwa waliojibu kutoka Lamu alikuwapo Zahidi Mngumi, ambaye hakuwa mtu wa kukosa la kusema. Tungo zilivuka bahari na majibu yakarudi. Hata leo, mhariri anayetaka kuzifumbua tungo za Muyaka huanza kwa kuuliza aliambiwa nani, na kwa jambo gani, na jawabu hupatikana.

Desturi hiyo ya kujibizana iliendelea magazetini. Mambo Leo, lililoanzishwa mwaka 1923 chini ya serikali ya kikoloni, lilikuwa na nafasi ya mashairi, na baadaye Uhuru na Mzalendo vilevile. Mtu wa Tanga hutega fumbo kwa beti tano, akawaomba wajuzi wamfumbulie. Baada ya majuma kadhaa mtu wa Tabora hujibu kwa bahari ileile na vina vilevile, na mara nyingine hutokea wa tatu kutoka Lindi akawasahihisha wote wawili. Sisi tuliokuwa vijana katika miaka ya 1980 tulikata mashairi hayo kwa wembe na kuyabandika katika madaftari. Angalia gharama iliyokuwapo: stempu, bahasha, mizani kumi na sita katika kila mstari, jina lako kamili na sanduku lako la posta chini ya beti ya mwisho. Mtu aliyefumba upuuzi aliaibika kwa jina lake nchi nzima, na aibu yake ikabaki katika maktaba. Neno linalofutika baada ya saa 24 halimdai mwandishi wake chochote.

Kuhusu mipasho nitasema kwa ufupi. Waliohudhuria taarabu katika miaka ya 1990, wakati Tanzania One Theatre na Muungano walipokuwa wakishindana, wanajua jinsi mambo yalivyokwenda. Mtungaji hakuujua ugomvi wa watu waliokaa ukumbini. Lakini ulipofika mstari fulani, mama mmoja huinuka, akatembea kwa madaha na noti mkononi, akageuza shingo kidogo tu kuelekea meza ya pili, kisha akamtunza mwimbaji. Shingo ile ndiyo iliyokuwa anwani. Na aliyekaa meza ya pili alikuwa na haki ya kungoja mstari wake, naye akainuka. Mtu aweza kuyachukia mipasho kwa adabu yake, na wengi waliyachukia, lakini hawezi kusema kwamba hayakuwa na msemwa wala majibu.

Baada ya kupima hayo, tuirudie matini yetu tuihakiki kama tunavyohakiki matini nyingine yoyote darasani. "Leo nimemjua vizuri." Ni maneno matatu tu, na sikatai kwamba yana ufundi wake. "Leo" hutangaza kwamba kuna jambo limetokea. Kiambishi cha wakati -me- husema kwamba limekwisha na athari yake ipo. "Vizuri" ni kejeli, kwa kuwa kumjua mtu vizuri huko si kwa wema. Lakini mzigo wote umebebwa na herufi moja, yaani kiambishi cha yambwa -m-. Lugha yetu haitofautishi hapo mwanamume na mwanamke, mkubwa na mdogo, ndugu na jirani. -M- hiyo yaweza kuwa mume, bosi, kungwi, au mpangaji mwenzake. Katika mazungumzo ya kawaida -m- haisimami hewani. Imetanguliwa na jina, au na kidole, au na kikohozi cha mtu anayepita barabarani, na wasikilizaji wote wakaelewa. Hapa haikutanguliwa na kitu. Ni kiti kilichowekwa mlangoni kitupu, na kila apitaye akawa na shaka kwamba amewekewa yeye.

Linganisha na jina la kanga lililo mashuhuri, "Usisafirie nyota ya mwenzio." Hapo kiambishi ni u-, nafsi ya pili umoja. Wewe. Mtu mmoja anamkabili mwenziwe. Majina mengi ya kanga husemeza hivyo, au husema kwa nafsi ya kwanza, kama "Japo sipati tamaa sikati." Nimejaribu kuzitazama stetasi za kufumba kwa jicho hilo la sarufi, na nimeona kwamba hupenda mno nafsi ya tatu: amenijua, wamenionyesha, watu wabaya, mtu akikuchekea. Nafsi ya tatu ndiyo nafsi ya asiyekuwapo. Anayeiandika amemwondoa adui yake mkutanoni kisha akalihutubia baraza. Utaniambia kwamba mara nyingine huandika "Kumbe ndivyo mlivyo!" na hiyo ni nafsi ya pili. Ni kweli, lakini ni ya wingi, na wingi huo hauna mpaka. Msomaji mwenye dhamiri nyepesi husema, "Na mimi nimo."

Hapo ndipo wahenga walipoutoa msemo wa kutupa jiwe gizani: atakayelia ndiye aliyepatwa. Msemo huu hutajwa siku hizi kama sifa ya werevu. Mimi nauona kuwa ni onyo. Anayetupa jiwe gizani hajui ni nani liliyempata, hutegemea kilio. Na gizani hulia wengi ambao hawakupigwa, kwa woga tu, na pengine aliyepigwa hasa huuma meno akanyamaza.

Katika ofisi moja ambayo naijua, karani kijana aliandika asubuhi, "Nyoka huishi ndani ya nyumba." Kabla ya saa nne watu watano walikuwa wameyasoma maneno hayo. Mhasibu aliyaona ni yake, kwa sababu alikuwa amechelewesha posho ya safari. Katibu muhtasi aliyaona ni yake, kwa sababu ya mazungumzo ya juzi kuhusu zamu ya Jumamosi. Chai ya saa nne ilinywewa kimya, kila mtu na kikombe chake, na ukimya huo ulidumu karibu juma zima. Siku ya tisa ikajulikana kwamba nyoka alikuwa shemeji wa huyo karani, huko kijijini kwao, na jambo lenyewe lilikuwa mpaka wa shamba la migomba. Shemeji hana simu ya kisasa. Hakuyasoma maneno yale na pengine hatayasikia maisha yake yote.

Nashindwa hapa kujizuia kutaja neno jingine. Katika utumishi wa serikali dokezo lina maana mahsusi. Ni maandishi yanayowekwa katika jalada, yenye tarehe, cheo cha anayeandikiwa, na sahihi ya aliyeandika. Na kurasa za jalada zina namba, ili kwamba hata baada ya miaka ishirini mtu aweze kuona ni nani alimwambia nani nini. Nje ya ofisi, kudokeza ni kugusia jambo kidogo tu. Karani yule alikuwa stadi wa madokezo ya jaladani. Yangemfaa nyumbani pia.

Sitaki nieleweke kwamba nautetea uwazi wa kila wakati na kila mahali. Yako mazingira ambamo mtu hufumba kwa kuwa hana njia nyingine. Shaaban Robert alitoa Kusadikika mwaka 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza. Nchi yake ameitundika hewani, na mshitakiwa wake Karama ameshitakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria. Lakini wasomaji wake hawakuhitaji kuambiwa wateremshe nchi ile ardhini. Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya mwaka 1969 kwa sababu ya waraka alioupa jina la "Kenya: Twendapi?", nao haukuwa na fumbo lolote. Mashairi aliyoyatunga kifungoni, yaliyochapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, yamo ambayo yamefumba, na aliyekuwa na masikio alisikia. Mtu huyu alikuwa anawaficha walinzi wa gereza, akiwafikia wasomaji. Hata leo mke anayeogopa kipigo, au kibarua anayemwogopa mwajiri, aweza kuandika nusu ya neno kwa kuwa neno zima lingemgharimu. Huyo hatafuti kutazamwa. Anajificha, na atakayemwelewa atamfaa kwa kunyamaza na kumwendea.

Wala siulaumu ugumu wa fasihi. Nagona ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1990, ni kitabu kigumu, na Mzingile iliyofuata mwaka 1991 ni ngumu vilevile. Wanafunzi hulalamika, na walimu wengine hulalamika kwa sauti ya chini. Lakini kila mtu aliyekirudia kitabu kama hicho mara ya pili alipata kitu ambacho hakukipata mara ya kwanza. Irudie "Ipo siku" mara mia. Utapata "Ipo siku".

Madhara makubwa zaidi ya desturi hii, kwa maoni yangu, si ugomvi. Ugomvi hupatanishwa. Madhara makubwa ni kwamba masikio yetu yanakufa ganzi. Neno "nimechoka" katika Kiswahili lilikuwa na uzito. Mtu mzima akisema "nimechoka" na asiseme amechoka na nini, aliyekuwa karibu naye aliacha kazi akavuta kigoda. Sasa tunalisoma neno hilo mara kumi kwa siku, baina ya tangazo la viatu na picha ya keki, nasi tunatia alama ya uso unaolia, kisha tunapita. Kijana mmoja mwenye banda la kushona viatu, katika mtaa ambao sitautaja, aliandika neno hilo kwa muda wa majuma mawili, pamoja na mengine ya jinsi hiyo. Alijibiwa kwa alama. Wengine walisema amekwishaanza tena, anataka kuulizwa. Na kweli huko nyuma alikuwa na tabia ya kutaka kuulizwa. Safari hii alikuwa mgonjwa, hana chakula, na ameona haya kukopa zaidi. Aliyemfikia ni bibi wa chumba cha pili, asiyekuwa na simu wala asiyejua stetasi ni kitu gani. Aliona kwamba mlango haukufunguliwa tangu juzi na kwamba ndoo ilikuwa mahali palepale. Akabisha, akaita, akawaita vijana wauvunje mlango. Kijana alipona.

Watu waliozungumza habari hiyo baadaye waligawanyika. Wapo waliosema kosa ni lake, kwa kuwa alilitumia neno vibaya hata likaisha makali. Wapo waliosema kosa ni la wasomaji. Mimi sioni kwamba pande hizo mbili zinapingana. Sarafu ya bandia huleta hasara kwa aliyeitengeneza, na pia kwa mwenye sarafu halali ambaye sasa muuza duka anaigonga yake mezani mara tatu kabla ya kuipokea. Vijana wetu wamelelewa katika soko la namna hiyo, na haki yao ni kufundishwa kuigonga sarafu, si kukaripiwa tu kwamba wanajipendekeza. Kutaka kuulizwa hali si dhambi. Salamu zetu zote, kuanzia hujambo hadi habari za tangu juzi, zimejengwa juu ya haki ya mtu kuulizwa. Ila katika salamu anayeulizwa hujibu.

Ndiyo maana naona kwamba matini hizi zinastahili kuingia darasani. Mwalimu wa Kiswahili aweza kuziweka kando ya kitendawili na kando ya jina la kanga, na kuuliza maswali yaleyale: nani anasema, anamwambia nani, nani mwingine anasikia, jawabu gani linangojewa, na msemaji atapoteza nini likija jawabu asilolitaka. Maswali hayo hayahitaji vitabu vya ziada.

Mwalimu mmoja wa shule ya sekondari amenisimulia kwamba alifanya hivyo na kidato cha tatu waliporudi kutoka likizo. Aliwataka kila mmoja akumbuke stetasi moja ya kufumba aliyoiona au aliyoiandika, kisha aigeuze mara tatu: iwe kitendawili chenye jibu, iwe jina la kanga, pamoja na maelezo ya nani anaivaa, wapi, na mbele ya nani, iwe barua kwa mtu anayehusika. Vitendawili vilikuwa vibaya lakini vilichekesha. Majina ya kanga yalikuwa mazuri kuliko alivyotazamia, hasa ya wasichana wa pwani. Barua zikawashinda wengi, kwa kuwa hawakujua waanze na jina la nani. "Ipo siku" ilizua mjadala uliokula kipindi kizima cha dakika 40: wengine wakashikilia kwamba ni kitisho, wengine kwamba ni dua, na kijana mmoja wa nyuma akasema ni mtu aliyekata tamaa. Mwishoni msichana aliyekuwa kimya muda wote akasema kwamba ni yeye aliyeiandika. Si kitisho wala si dua. Alitaka kaka yake, aliyemwahidi kumlipia masomo ya ziada, amwulize mbona hazungumzi naye. Watu kumi na saba waliuliza kulikoni. Kaka hakuwa miongoni mwao.

Mwalimu hakuisoma barua aliyoiandika msichana huyo siku iliyofuata. Aliiona tu mkononi mwake kabla ya kukunjwa: mistari minne, na neno la kwanza lilikuwa jina la kaka.